Wizi Usiovunja Mlango

Mkutano ulifanyika chumba cha kufulia nguo, kwa sababu ndicho pekee kwenye majengo yale ya Adelphi, nje kidogo ya Washington, kilichowatosha wapangaji wote, na afisa wa polisi alibandika mchoro wake juu ya mashine za kukaushia. Mstari mwekundu ulianzia juu kabisa, mwaka tisini na tatu, ukashuka na kushuka mpaka mwaka ule wa tisini na nane. Kuvunjiwa nyumba kumepungua, wizi wa magari umepungua, watu kuporwa njiani kumepungua. Afisa alisema si hapa tu, hata Washington kwenyewe ni hivyo hivyo, na wataalamu bado wanabishana sababu ni nini. Watu wakapiga makofi. Laurean, mlinzi wa majengo yale, alipiga kuliko wote, maana kipande cha mstari ule alikihesabu kuwa jasho lake.

Ndipo akasimama meneja, mama mwembamba anayetabasamu hata anapokunyima kitu. Alisema kwa kuwa hali ni nzuri kiasi hiki, wenye majengo hawaoni haja ya kuwa na mlinzi baada ya Krismasi. Makofi yalikatika hapo hapo. Kwa hiyo mtu akifanya kazi yake vizuri, dawa yake ni kufukuzwa.

Genoveva, mke wa Laurean, alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kuhudumia wazee kule Silver Spring. Alielewa haraka kuliko mumewe. Nyumba waliyokaa ilikuwa sehemu ya malipo ya mlinzi, hivyo kazi ikiondoka, na nyumba inaondoka. Jioni ile Laurean hakugusa chakula. Alisema neno moja tu, akiwa ameukazia macho ukuta: "Watanikumbuka. Siku wizi ukirudi, watanikumbuka."

Na wizi ukarudi.

Alianza Chelagat wa jengo la pili, aliyewaita polisi akasema koti lake la ngozi halipo. Wakafuata mke na mume Wakongo wa ghorofa ya chini, kamera yao imetoweka. Halafu Abigail, nesi kutoka Kericho, rafiki ya Genoveva wa kusukana nywele na kupika pamoja, akaripoti kuibiwa video, mashine ya kuchezea kanda. Wala haikuwa video ya hivi hivi. Mashine za Marekani hazisomi kanda zinazotoka nyumbani. Ukitumiwa harusi ya ndugu yako, utaambulia mistari na mikwaruzo. Ya Abigail ilikuwa zile chache zinazosoma za huku na za kule. Polisi walikuja kila mara, wakakagua vitasa na madirisha, wakaandika, wakaondoka wanatikisa vichwa. Hapakuwa na mlango uliovunjwa.

Genoveva si mtu wa kudhania watu ovyo. Lakini jambo hili lilijipanga lenyewe kichwani mwake bila kuombwa. Ufunguo unaofungua kila nyumba pale, kwa ajili ya wapangaji wanaojifungia nje, ulikuwa kwenye shada la funguo la Laurean, na shada lilining'inia kwenye msumari karibu na mlango wao. Nani mwingine angeingia bila kuvunja? Na nani alikuwa na faida wizi ukirudi? Laurean mwenyewe alishaanza tena kupiga mluzi akinyoa ndevu. Meneja alikuwa amemwita ofisini akamwambia suala lake huenda likatazamwa upya.

Kisha Laurean akaingia nyumbani na video kwapani, ameifunga kwa sweta.

"Umeitoa wapi?" aliuliza Genoveva.

"Kwa mtu wa ubalozini. Amemaliza muda wake, anarudi nyumbani."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, Geno. Humjui."

Ilikuwa nyeusi. Na ilisoma kanda za nyumbani. Laurean aliiweka mezani kwa madaha, akamkumbusha kanda ya harusi ya mdogo wake Genoveva, iliyotoka Bukoba na kulala ndani ya sanduku mwaka mzima kwa kukosa mashine. Akamwambia akailete waitazame. Genoveva alisema kichwa kinamuuma. Kesho yake kikamuuma tena. Hakuwa tayari kumtazama mama yake akicheza ndani ya kitu cha wizi. Alijaribu kukumbuka video ya Abigail ilikuwaje, ina kovu gani, ina alama gani, asikumbuke chochote. Nani anayekariri sura ya video?

Angeweza kumuuliza Abigail, lakini aibu ilimkaba. Tena alianza kuona jambo lingine. Akiingia chumba cha kufulia, wanawake walinyamaza. Chelagat alijifanya anatafuta soksi. Abigail, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alikohoa na kuuliza habari za baridi. Genoveva akajisemea moyoni kwamba tayari wanajua, wanamwonea huruma tu, na siku yoyote mmoja wao atamnong'oneza afisa. Alimwona Laurean kwenye pingu. Alimwona anapandishwa ndege kurudishwa, na watu wa Bukoba wamejaa uwanjani kushuhudia. Hofu ilimla mpaka akawa anaunguza chakula.

Bora nyumba iende, aliamua. Bora wakalale sebuleni kwa watu Gaithersburg kuliko mume afungwe. Jumamosi asubuhi, Laurean akiwa bafuni na mluzi wake, Genoveva alilitoa shada la funguo msumarini, akalitia mkobani, akatoka kwenda kazini. Alipofika kwenye daraja la University Boulevard alilitupa mtoni. Alijiambia amemwokoa, maana asiye na ufunguo haingii nyumba ya mtu. Hata alitembea mwepesi kidogo baada ya hapo, masikini.

Aliporudi mchana alimkuta Abigail anamsubiri kituo cha basi, uso unacheka. Abigail alimshika mkono mpaka kwake, akafunga mlango, akavuta leso iliyofunika kitu kando ya televisheni. Ilikuwa video.

Genoveva aliitazama, akamtazama mwenye nayo. Akauliza polisi wameipata wapi.

"Polisi gani? Haikuibiwa," Abigail alisema. "Hakuna kitu imeibiwa kwa hii apartment. Si ulisikia vile huyo afisa alisema? Crime imeshuka, kwa hivyo askari wetu aende. Na Laurean ndiye hutungoja hapo stage ya basi tukitoka shift. Pesa ya kumchangia hatungepata, na hata tungepata, ingesaidia nini? Sasa tukachanga wizi. Kila nyumba ikatoa mmoja."

Ndivyo ilivyokuwa. Waliketi baada ya ibada, kama wanavyoketi kwa msiba au harusi, wakagawana nani aripoti nini na wiki gani ili wasigongane. Wakongo walitaka kutoa gari, wakakatazwa. Hakuna aliyewaza kwamba kumdanganya polisi nako ni kosa la kuandikwa kwenye mchoro. Kwao ulikuwa mchango, na mchango hauna dhambi.

"Mbona hamkuniambia mimi?" Genoveva aliuliza.

"Umewahi ona mwenye matanga akiitwa kwa mkutano wa kumchangia? Na wewe ungemwambia bwana yako. Angekataa, unamjua na ukweli wake." Abigail alimpiga bega. "Na imeshika, dada. Meneja ametuambia jana jioni, askari anabaki. Sisi tulikuwa tunamngoja tu ye mwenyewe aambiwe."

Genoveva hakuaga. Alirudi mbio mpaka darajani, akashuka kwenye nyasi, akaingia mtoni na viatu vyake vyeupe vya kazini. Maji ya Novemba yaliuma mpaka mifupani, na yalikuwa na tope la mvua ya jana. Alipapasa mawe, chupa, tairi la baiskeli. Mpita njia mmoja alisimama darajani akamuuliza kama anahitaji msaada, naye akasema hapana, hakuna tatizo. Aliendelea kupapasa mpaka vidole vikafa ganzi, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu.

Alimkuta Laurean ameketi kwenye kiti karibu na mlango. Godoro lilikuwa limepinduliwa, makabati yote wazi. Alisema, bila kupandisha sauti, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwita meneja. Meneja alikuja na habari njema mdomoni, akaimeza aliposikia shada halipo. Vitasa vya majengo yote vitabadilishwa, na mlinzi aliyepoteza funguo hawezi kubaki. Jumatatu arudishe sare, na nyumba waiache mwezi ukiisha.

"Ungesubiri kidogo," Genoveva alisema. "Labda zingeonekana."

"Nisubiri, watu walale na ufunguo wao uko mikononi mwa asiyejulikana?" Laurean alitikisa kichwa. "Nimemwambia zimeibiwa. Ameniuliza na nani, nikasema sijui."

Macho yake yalishuka kwenye viatu vya mkewe vilivyokuwa vikichuruza maji sakafuni, yakakaa hapo.

"Mlango wetu haukuvunjwa, Geno."

Genoveva alijaribu kueleza hofu, pingu, ndege. Yote yakakwama, yakabaki maneno matatu. "Nilidhani ni wewe."

"Tangu lini?"

Macho ya Genoveva yalienda yenyewe kwenye video juu ya meza, na Laurean akayafuata. Kisha aliinuka, akafungua sanduku, akatoa kanda, akaitia. Bukoba ikajaa sebuleni, vigelegele na ngoma, mdogo mtu ndani ya shela, na mama yake Genoveva akicheza mbele ya kamera na mikono juu. Siku nyingine wangeitazama wakiwa wamebanana kwenye kochi. Laurean alirudi kwenye kile kiti cha mlangoni, chini ya msumari mtupu, akaitazama akiwa huko mpaka ikaisha.

Jumatatu afisa alikuja akaandika wizi wa funguo, akaujumlisha na ule wa koti, wa kamera na wa video. Alimwambia meneja kwamba ongezeko lile limemshangaza, kwa kuwa kila mahali pengine mstari unashuka. Katika wizi wote alioandika msimu ule, uliotokea kweli ulikuwa huo mmoja, na aliyeufanya ndiye aliyemkaribisha afisa chai.