Fundi Aliyebaki Kwenye Picha

Jumamosi asubuhi Deodata alipita barabara ya soko la Biharamulo na kamera yake ndogo ya kidijitali, kamba imezungushwa mkononi, akipiga picha kama kawaida yake: waosha pikipiki, wanawake na mafungu ya maharage, mbwa aliyelala kivulini mwa lori la mkaa. Mbele ya duka la Privatus alimpiga picha Domisiana akigeuza vitumbua. Alipotazama kioo cha kamera, aliona kwamba nyuma ya Domisiana, barazani, Ndizeye ameketi kwenye cherehani chake anashona.

Baraza lenyewe lilikuwa na magunia ya mahindi tu.

"Ndizeye yumo," alisema Deodata.

Domisiana alifuta mikono, akatazama. "Amekonda. Mwite mkewe aone."

Ndizeye alizaliwa Runazi, wilaya hiyo hiyo, kwa wazazi waliokimbia vita Burundi. Alishona nguo kwenye baraza lile mpaka mwaka ambao watu wasio na vibali walikusanywa. Privatus, aliyelitamani baraza kwa muda mrefu, ndiye aliyepeleka jina lake. Walimchukua akiwa na futi shingoni, mteja bado amenyoosha mikono apimwe, wakamvusha mpaka. Mkewe, Ernesta, alibaki na binti yao Keza, ambaye wakati huo alikuwa darasa la awali. Privatus alijaza magunia barazani na cherehani akakiuza.

Ernesta alikuja na mtoto. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Hiyo ni sketi ya shule," alisema. "Lakini ndogo. Hajui kwamba mtoto amekua."

Alimsimamisha Keza barazani, kwanza ubavu, kisha mgongo. "Mpige picha, dada. Baba yake amwone."

Kwenye picha, Ndizeye alikuwa ameinuka na kupitisha futi kiunoni kwa Keza. Keza alisema hakuhisi kitu. Jumamosi iliyofuata picha ilimwonyesha Ndizeye akifumua mishono.

Wakawa wanakuja kila juma. Privatus hakuwakataza.

"Ila asizibe mlango, Mama Keza," alisema. "Wateja wanapita hapo." Akasogeza gunia moja ili fundi apate nafasi.

Baadaye Deodata alizichapisha picha, na Ernesta akazibeba hadi ofisi ya uhamiaji, kuomba mumewe arudishwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Afisa alizipanga picha mezani, akazitazama moja moja. "Hapa si Biharamulo?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi yuko nchini bila kibali."

Akatuma mgambo wawili. Walisimama barazani hadi mchana, wasimwone mtu. Mwishowe walimwomba Deodata awapige picha. Kwenye picha walikuwa wamemshika Ndizeye mikono yote miwili, na sketi ilikuwa chini, kwenye vumbi. Mgambo waliitazama picha, wakaitazama mikono yao, wakaenda kunywa chai.

Ernesta alikaa kando ya jiko la Domisiana akalia. Domisiana aliendelea kukaanga, kwa sababu watu walikuwa wanasubiri, lakini alijisogeza ili bega lake limguse.

Kwa majuma mengi baraza likawa na magunia tu, hata kwenye picha. Ernesta alikuja hivyo hivyo, na Deodata alipiga hivyo hivyo. Kisha Ndizeye akaonekana tena, mvi zimemwingia, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Alikuwa akikung'uta vumbi kwenye sketi. Alishona polepole kuliko zamani.

Siku sketi ilipokwisha, Keza alisimama barazani amevaa kitenge kilichokatwa kutoka nguo ya mama yake. Kwenye picha alikuwa amevaa sketi ya bluu, pindo limenyooka, kiuno kimemkaa sawasawa. Nyuma yake Ndizeye alikuwa ameweka mikono magotini. Hakuwa na kitu cha kushona. Alikuwa akimtazama mwanawe.

Jumatatu Keza alikwenda shule na picha ile. Mwalimu wa zamu alikuwa getini, akikagua sare. Aliipokea, akaisogeza karibu na macho.

"Imekutosha vizuri," alisema. "Nani kakushonea?"

"Baba."

"Ni fundi hasa."

Akamrudishia picha yake, akamwambia arudi nyumbani mpaka atakapokuwa na sare.