Sekunde Ishirini za Pasha

Diski ya kompyuta ya Ami Slimane ilikuwa ikigonga. Wardia aliisogeza sikioni: tak, tak, kimya, tak. Akaizima upesi.

"Umeiwasha mara ngapi tangu ianze hivi?"

"Kama mara ishirini, binti yangu. Nilidhani itaacha kununa."

"Ami, huko ni kumkimbiza mgonjwa kwenye ngazi za mji mkongwe wa Kasbah ili apone!"

Duka la Wardia la kuokoa mafaili lilikuwa mtaa wa Bab el-Oued, meza mbili na dirisha moja. Kwa miaka kumi na mitano watu walimletea diski zenye picha za harusi na tasnifu za chuo. Mzee huyu, dereva mstaafu wa treni, alitaka faili moja tu: dakika sita za ndege akiimba.

Ndege mwenyewe alikuwa maknin, yule mdogo mwenye uso mwekundu. Aliitwa Pasha. Slimane alimrekodi kwenye roshani kabla hajafa, na tangu hapo kila kinda aliyemfuga alifundishwa kuimba kwa rekodi ile. Wa mwisho alikufa majira ya baridi yaliyopita. Sasa nyumbani makinda watatu walikuwa wanasubiri mwalimu.

"Na hukumpa mtu nakala?"

"Hata ndugu yangu wa tumbo moja. Ukishaugawa wimbo, kila kichochoro kitauimba."

Hamu ikamshika Wardia. Wimbo gani huo wa kumnyima ndugu?

Aliiunganisha diski na mashine inayosoma polepole na kunakili. Ilichukua kwanza sehemu zilizo nzima, ikaruka zilizoharibika ili izirudie baadaye, na diski ilipoanza kugonga aliipumzisha. Siku ya nne faili likapatikana kwenye nakala. Akamwita mzee.

Walisikiliza pamoja. Slimane alimwonyesha kwa kidole hewani: hapa anauliza, hapa anajijibu, hapa anacheka. Wardia, aliyekuwa akisikia mlio mtupu, akaanza kusikia maneno. Kisha, dakika ya nne, kimya. Sekunde ishirini nzima.

"Hapo ndipo palipoharibika," alisema Wardia. "Palikuwa na nini?"

Slimane akakunja midomo, akapiga mluzi, akakatiza. Akajaribu tena. Uso ukamshuka.

"Nimesahau. Nimeusikia maisha yangu yote, na nimesahau."

"Hakuna ndege mwingine anayeujua?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Yupo wa Boualem."

Boualem aliishi ghorofa ya chini yake. Miaka saba nyuma alitundika tundu la kinda wake chini ya dirisha la Slimane, na kinda akaudaka wimbo. Slimane akamwita mwizi mbele ya mkahawa mzima. Hawajasalimiana tangu siku hiyo.

"Basi kambishie hodi."

"Mimi? Kwa mwizi?"

"Sikio halina mlango, ami. Ndege kaiba nini?"

Kesho yake, baada ya alasiri, waliingia wote wawili bila kutazamana. Boualem alibeba tundu lililofunikwa kitambaa.

"Nimekuja kwa ajili ya binti huyu," alisema, "si kwa ajili ya wengine humu."

"Nani amekubembeleza?"

"Wewe! Umenigongea asubuhi umevaa koti la Idi!"

Ndege alikaa kimya. Wardia akaicheza rekodi. Ilipofika kwenye pengo, maknin akainua kichwa, akaimba. Aliendelea bila kusita, na mwishoni akatoa sauti tatu fupi zinazopanda. Wardia akaurekodi wimbo wote.

"Hizo tatu si za Pasha," alisema Slimane. "Kaongeza."

"Kaimba alichosikia!"

Walibishana mpaka chai ya nanaa ikapoa. Lakini Wardia alitaka kujua. Akaipa mashine kazi ya mwisho: isome pale palipoharibika kinyumenyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Baada ya siku mbili ilikuwa imekwangua sekunde nne za mwisho za pengo. Kisha diski ikatoa mkwaruzo mrefu, ikanyamaza moja kwa moja.

Akavaa vipokea sauti vya masikioni. Akasikiliza, akarudia. Akampigia Slimane simu.

"Ami, zile sauti tatu zimo. Ni za Pasha mwenyewe."



"Una hakika?"

"Nimesikiliza mara kumi."

"Sawa. Ila usimwambie Boualem."

Sauti nyingine ikadakia simuni: "Ameshasikia! Nimekaa hapa nakunywa chai yake!"