Jina Lililobaki Jela

"Hati yako ya tabia njema imerudi, mzee meku," Afande Sirili alisema, akaisukuma karatasi juu ya kaunta ya kituo cha polisi. "Ina doa. Mwaka elfu mbili na tisa. Kuingia msitu wa hifadhi na kukata majani."

Melkior aliitazama karatasi kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Nilifungwa miezi mitatu, nikaimaliza yote. Sasa kimebaki nini?"

"Jina."

"Kwani jina lilifungwa maisha?"

Sirili alicheka peke yake. "Nenda mahakamani wakalifute. Sisi tunatunza tu."

Masista wa shule moja pale Njoro walikuwa wamempa mpaka saa kumi alasiri. Bila hati safi, kazi ya kulinda geti inakwenda kwa mwingine. Migomba ilishaliwa na ugonjwa, na tangu mkewe Flavia afariki ng'ombe naye alikuwa ameuzwa. Hakukuwa na kazi ya pili ya kukimbilia.

Mahakamani alipokelewa na karani, Tabitha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Polisi wamesema mnifute."

"Sisi? Kumbukumbu zipo kwao."

"Wao wamesema ni ninyi."

"Mimi hapa nina mwaka wa kumi na mbili, baba. Fomu ya kumfuta mtu sijawahi kuiona."

Hata hivyo alilitafuta faili, akalipuliza vumbi, akasoma. Ghafla akainua uso.

"Baba, hapa wameandika ulikutwa na mzigo wa majani kichwani. Kichwani, kama mwanamke! Mwanaume wa Kibosho?"

Wanawake wawili waliokuwa kwenye benchi waliangua kicheko. "Labda alivaa na kanga," mmoja akasema.

Melkior hakucheka. Siku ile walinzi wa msitu walimfuata Flavia na mzigo wake mpaka uani. Kitoto chao Stella kilikuwa na wiki sita, kinalia njaa ndani. Melkior akatoka, akasema majani ni yake. Walinzi nao walicheka hivihivi, kisha wakabadilisha jina tu kwenye maandishi yao, maneno mengine wakayaacha. Hakimu aliyasoma yote na hakuuliza. Na malori ya magogo yalikuwa yakishuka mlimani mchana kweupe. Hayo faili lake liko wapi?

Tabitha alimtazama usoni, akaelewa kuwa mzigo haukuwa wake. Akashusha sauti, akatoa fomu nyingine.

"Andika maombi ya marejeo, kesi ipitiwe upya. Useme ulimbebea mtu kosa lake. Nikikugongea muhuri sasa hivi, masista wataipokea fomu hii wakati kesi inasubiri. Jina lako likitoka, la mwenye kosa linaingia."

"Ni marehemu."

"Marehemu hatafuti kazi, baba."

Saa ya ukutani ilisema tisa na nusu. Melkior alishika kalamu. Aliandika jina lake kwenye mstari wa mwombaji, polepole, kama alivyofundishwa kabla hajaacha shule darasa la nne. Mstari wa pili ulisema: Mtenda kosa halisi. Kalamu ikasimama. Hakuelewa kwa nini lazima jela hii ya majina iwe na mtu ndani, hata miaka yote ikishapita. Na aliyeijenga naye alikuwa nani? Hakuna aliyemjua.

Akaandika.

Tabitha aliigeuza fomu. "Baba, umeandika jina lako mara mbili. Hivi haitakusaidia chochote."

"Najua kusoma, mwanangu. Gonga muhuri."