Jiwe la Mhunzi

Sitaki kusikia mtu akisema wivu ni wa wake wenza tu. Mimi Rosine nilimwonea wivu wifi yangu kwa sababu ya mchezo wa simu, tena bila haya.

Mchezo wenyewe unaitwa Mapango Saba. Watu wawili wanaunganisha simu zao, hata pasipo mtandao, wanaingia pangoni kupigana na mazimwi. Mimi na kaka yangu Joël tuliucheza miaka minne hapa Kasongo, tangu alipoanza kazi ya pikipiki ya kupeleka watu Kabambare na Salamabila. Akirudi, hata vumbi hajanawa, ananiita: "Rosine, leta shoka!" Maana mimi nilikuwa wa shoka. Nilisimama mbele, zimwi linipige mimi, nami nilirudishie pigo moja la kuliangusha. Yeye alikaa nyuma na upinde, mishale ikinipita juu ya kichwa. Hatukuhitaji hata kusemezana.

Halafu akaleta mke. Dieudonnée, binti wa Kabambare, mpole, anayempigia mama yangu goti asubuhi na jioni mpaka nachoka kumtazama. Wiki ya kwanza nilisifia kitenge chake, nikasema rangi yake nzuri, basi. Kesho yake nikakikuta kimekunjwa kitandani pangu. Nikacheka: nani kamwomba? Mama akaniambia kwao walimfunza hivyo, kwamba dada wa mume haombi kwa mdomo wazi, ni bibi arusi anayetakiwa kusikia. Kitenge nilikivaa, lakini mwenyewe sikumpenda.

Mwezi wa pili Joël akamfundisha mchezo. Mwezi wa tatu ndiye aliyeingia naye pangoni, na mimi nimeachiwa kumenya mihogo, nasikia vicheko vyao barazani. Wifi alichagua visu viwili vifupi. Haui kwa pigo moja huyo. Anachoma, anaruka pembeni, anachoma tena, kama kuku anayedonoa mchele wa watu. Na aliweza, ndilo lililoniuma.

Hayo yote ningeyameza kama si jiwe. Katika Mapango Saba kuna jiwe la mhunzi, linaloongeza nguvu ya silaha moja tu, mara moja tu, na ukishalitumia limekwenda. Mimi na Joël tulilitafuta karibu mwaka mzima, na tuliahidiana kwamba likipatikana litaingia kwenye shoka langu. Lilipopatikana, aliyekuwa pangoni na Joël hakuwa mimi.

"Rosine, usikasirike," Joël akaniambia, macho kwenye mnyororo wa pikipiki. "Hii jiwe atatumia Dieudonnée. Siku ya Mungu tunaingia pango ya saba, ya mwisho, na ni yeye naingia naye."

"Nikasirike juu ya nini? Ni mchezo tu," nikamjibu. Moyoni nilikuwa nachemka kama mafuta ya mawese.

Jumamosi Dieudonnée akanifuata jikoni, nikiwa natwanga sombe, majani ya mihogo. Alishika simu ya Joël, maana silaha zetu wote watatu zimewekwa humo. Mhunzi wa mchezo alikuwa anamngojea kwenye kioo na swali lake: unataka uzito, wepesi au moto?

"Wifi, weye unajua hii mambo kunipita. Nichague nini?"

Anayejua kupigana anajua jibu. Mtu wa visu anaishi kwa kuruka, kwa hiyo anataka wepesi. Vipe visu uzito, mkono unachelewa, mguu unachelewa, na zimwi linakutafuna ukiwa bado unajikusanya. Nilijua vizuri sana.

"Uzito," nikasema. "Wepesi iko ya watoto. Mutu anayejua kupigana anachukua uzito."

Alinitazama kidogo. "Uzito?"

"Nimesema uzito."

Akainamisha kichwa. "Nimesikia, wifi. Asanti."

Akaenda. Sombe ile niliitwanga kwa raha ambayo sikuwa nayo tangu siku ya harusi.

Jumapili, tuliporudi kutoka misa, nikaweka kiti changu barazani karibu yao, na simu yangu mapajani kama mtu asiye na habari. Nilitaka nimwone akiliwa. Joël akafungua orodha ya silaha, akamgeukia mkewe.

"Dieudonnée, jiwe iko wapi? Visu yako iko vilevile!"

Nikachungulia. Visu vilikuwa kama jana. Kilichong'aa ni shoka langu.

"Wifi aliomba," Dieudonnée akasema.

"Aliomba namna gani?"

"Nilimuuliza, akaniambia uzito. Visu itafanya nini na uzito? Uzito iko ya shoka. Nikaelewa anaomba yake, ni haya tu inamushika." Akanigeukia. "Haukukosa, wifi. Weye ndiye uliitafuta mwaka muzima. Ingia na kaka yako, miye niangalie chungu."

Akaondoka zake jikoni. Joël akanitazama. Huyo tumezaliwa tumbo moja, ananijua tangu nilipokuwa naficha nyama chini ya fufu. Aliniona mpaka ndani. Laiti angenitukana. Akaunganisha simu tu.

Tukaingia. Shoka hilo! Zimwi la kwanza pigo moja, la pili pigo moja. Nilikuwa na jiwe, nilikuwa na nafasi yangu, kaka yangu yuko nyuma yangu. Lakini mshale wake wa kwanza ukanipiga mgongoni. Wa pili pia. Nilikuwa nimesimama palepale ninaposimama siku zote, na yeye alikuwa anapiga akingoja niruke pembeni kama mkewe.

"Sogea basi!" akasema.

Zimwi la pango la saba likatoka gizani, likainua mkia. Niliinua shoka ili nilikabili usoni, kama nilivyofanya miaka minne.

"Dieudonnée, kushoto!" Joël akapiga kelele.

Jikoni wifi akaitika. Mimi nikaenda kushoto.