Kiungo cha Svetolik

Mume wangu Budimir ni fundi wa shaba hapa Valjevo. Anatengeneza mitambo ya kupikia rakija, pombe yetu kali ya plamu, na kwa mikono hana mpinzani. Kichwa chake ni habari nyingine, mimi ndiye ninayeishi nacho. Niseme mapema kwamba tulichopoteza si wateja. Wateja wanarudi.

Aliyetujulisha kwa watu mtandaoni ni Svetolik, kum wetu, yaani aliyetusimamia siku ya ndoa. Kwetu kum ni zaidi ya ndugu, maana ndugu unapewa tu, huyu unamchagua. Svetolik ana ukurasa anaoandika habari za miti ya plamu, magonjwa yake na namna ya kuipogoa. Siku moja akasimulia jinsi rakija yake ilivyoacha kuungua tangu apate mtambo wa Budimir, akamsifu mpaka nikaona aibu. Ukibonyeza jina, unafika kwenye tovuti yetu; ndicho wanachokiita kiungo. Hakuna aliyemwomba. Wasomaji wake wakanunua, nao wakatutaja kwenye kurasa zao: mkulima wa Bosnia, mwalimu mstaafu wa Makedonia. Mtandao humpandisha anayetajwa na wengi, hivyo mtu akitafuta mtambo, sisi tulikuwa wa kwanza kuonekana.

Ndipo akaja Ognjen, mtaalamu wa tovuti kutoka Belgrade, ndevu zimepunguzwa kwa rula. Akaangalia kompyuta yetu, akacheka.

"Bwana Budimir, viungo vyenyewe ndivyo hivi tu? Wenzako wana mamia!"

"Wanavipata wapi?"

"Vinanunuliwa, mzee. Au wewe unasubiri watu wakupende? Utazeeka."

"Ameshazeeka," nikasema kutoka jikoni, lakini hakuna aliyenisikiliza.

Basi viungo vikaja kwa mafungu: kurasa za kamari, kurasa za dawa za kuotesha nywele, nyingine kwa lugha tusizozijua, zote zikisifu mitambo ya shaba. Budimir akatembea kifua mbele. Haukupita muda, wenye injini ya kutafutia mtandaoni wakagundua ujanja, tovuti yetu ikatupwa nyuma kabisa, nyuma ya wauza masufuria. Ognjen akasema dawa ni kuwaandikia wote waliotuunganisha waondoe viungo vyao. Akatunga ujumbe mkali, Budimir akautuma kwa wote kwa mkupuo, bila kuchambua nani ni nani: "Kiungo chako kinatuchafulia jina. Kiondoe mara moja."

Wenye kamari hawakujibu. Svetolik naye hakujibu, na sisi wala hatukukumbuka kwamba yumo.

Desemba ikafika sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa nyumba yetu. Sikukuu hiyo haina mwaliko. Aliyewahi kuja huja tena mwenyewe, na ukimwalika ni kumwambia kwamba ni mgeni. Nyumba ilijaa, ila kum hakutokea, na simu hakupokea. Budimir akatania kwamba lazima rakija imemshika njiani. Moyo wangu haukutulia, nikafungua ukurasa wa Svetolik. Hadithi ya mtambo ilikuwepo, ila palipokuwa na jina paliandikwa "fundi mmoja". Nikamwonyesha mume wangu. Aliacha kutania.

Kesho yake tukaenda. Svetolik akatukaribisha sebuleni, sisi tuliozoea kukaa jikoni kwake, akatuletea kahawa kwenye vikombe vya wageni.

"Karibu, Bwana Budimir. Karibu, Bibi Stanija."

"Bwana? Kum, ni mimi!"

"Umeniandikia kwamba nakuchafulia jina. Jina nimelitoa."

"Sikukuandikia wewe! Niliwaandikia wale wahuni wa kamari!"

"Ulifika kwangu."

"Nilituma kwa wote, sikusoma majina. Mimi mjinga, kum. Nitukane, nipige, lakini usiniite bwana."

"Hata hukusoma?"

"Sikusoma."

Svetolik akatikisa kichwa. "Afadhali ungekuwa umekasirika. Tungegombana, tukaishia kunywa. Kumbe ulinifagia tu pamoja na takataka."

Budimir akaanza kulia, mtu mzima na masharubu yake. "Rudisha jina langu. Nakuomba."

Svetolik akavuta kompyuta yake, akachapa kidogo, akatugeuzia tuone. Jina lilikuwa limerudi mahali pake.

"Tayari," akasema. "Mara ya kwanza niliandika kwa sababu nilikukumbuka nikafurahi. Leo nimeandika kwa sababu umeomba. Hizo ni habari mbili tofauti, Bwana Budimir, na sijui kuzifanya ziwe moja."

Akatusindikiza mpaka getini, akatushukuru kwa kumtembelea. Nililia njia nzima, na bado namkasirikia mume wangu, na bado namwonea huruma.

Kiungo kinafanya kazi mpaka leo. Watu wanakibonyeza, wanafika kwetu kila wiki. Svetolik haji.