Mjamzito wa Upande wa Pili

Yule mama alikuwa fundi cherehani, na safari yake ya kwanza ya ughaibuni aliifunga kwa ajili ya bintiye wa pekee, aliyekuwa karibu kujifungua. Alipimwa ule ugonjwa wa mlipuko uliokuwa umeenea duniani, akaambiwa hana, akapanda ndege roho kwatu.

Kumbe masharti yalibadilika yeye akiwa angani. Aliposhuka, afisa mmoja alimsemesha kupitia barakoa na kioo. Fundi akasikia mngurumo tu. Akaitikia kwa kichwa, maana macho ya afisa yalitaka kuitikiwa. Akapandishwa basi, akajua ndiyo anapelekwa kwa binti. Basi likasimama mbele ya hoteli. Akaoneshwa chumba, mlango ukafungwa. Baadaye akasikia hodi. Kufungua, hakuna mtu, ila sahani ya chakula sakafuni.

"Wamekuweka karantini, Mama," binti alimwambia kwenye simu. "Usitoke."

"Mbona siumwi?"

"Hakuna aliyesema unaumwa."

"Sasa nimefungiwa nini?"

"Ili ijulikane kama huumwi."

"Si nimepimwa nyumbani?"

"Kile kipimo hawakitambui tena."

Fundi akayageuzageuza maneno hayo kama kitambaa kisichojulikana ndani ni wapi na nje ni wapi.

Kesho yake binti aliahidi kuja kusimama chini, angalau waonane. Fundi alipochungulia dirishani, akamwona mjamzito aliyevaa barakoa, mkono kiunoni, akitazama juu. Akampungia kwa mikono yote miwili. Yule naye akapunga. Machozi yakamtoka fundi. Akamwashiria akae, asijichoshe. Mwanamke akaketi ukingoni mwa ukuta. Hapo simu ikaita.

"Mama, mbona hutokezi? Miguu inanivimba huku."

"Si wewe umekaa hapo ukutani?"

"Nimesimama, Mama. Niko upande wa barabarani."

Fundi akatazama tena chini. Yule mjamzito bado alikuwa akimpungia.

"Sasa huyu ninayemlilia ni nani?"

Binti akaangua kicheko, kisha kicheko kikakatika. "Mama, chupa imepasuka."

"Angalia vigae visikukate," fundi akamwambia, kwa jinsi alivyochanganyikiwa. Halafu ndipo akili ikamrudia, akakimbilia mlangoni. Mlinzi wa ujiani akanyoosha kiganja: rudi ndani.

Mkwewe ndiye aliyemkimbiza binti hospitali, akaiweka simu kwenye mto, karibu na sikio lake. "Nipo, mwanangu. Pumua," fundi alirudia, akizunguka kitanda cha hoteli kana kwamba mzazi amelala pale. Hakujua laini ilikatika saa ngapi. Alikuwa bado anamhimiza asukume, ndipo mkwe akapiga tena kusema ni msichana na wote wazima.

Walipomfungulia, hakuna aliyemweleza kwa nini ni siku hiyo na si nyingine. Mkwe akamchukua hadi nyumbani. Fundi akasimama kizingitini mwa chumba, mikono nyuma, kama mgeni.

"Nimshike, nisimshike?"

"Hata sijui, Mama," binti akasema. "Hospitali wanasema hivi, redio inasema vile."

Mkwe akaleta sabuni na maji. Fundi akanawa hadi viwiko, akaketi, akapakatishwa mjukuu. Mtoto akapiga chafya. Wote watatu wakatazamana juu ya barakoa, wasijue la kufanya. Kisha binti akasogea, akaegemeza kichwa begani kwa mamake.