Vidole Begani kwa Karla

Tove Østergaard alikuwa mtu wa kutupa. Chakula kilichobaki hakikulala nyumbani kwake, na barua ikishasomwa ilikwenda moja kwa moja pipani. Ndivyo alivyoiendesha pia studio yake ya picha, katika mji mdogo wa Jutland ulio kando ya ghuba inayoganda kila majira ya baridi, miaka ishirini na sita sasa. Yeye alipiga na kuhariri. Mumewe, Preben, alikaa chumba cha nyuma akichapisha na kutia fremu.

Programu ya kuhariria picha ilikuja na tabia moja iliyomkera. Ukikata picha, kile kilichokatwa hakiondoki. Kinafichwa tu, na siku ukikitaka unavuta ukingo, kinarudi. Kwa Tove, hiyo ilikuwa sawa na kufagia taka na kuzificha chini ya zulia. Basi asubuhi moja alikaa akaipanga zana ya kukatia apendavyo yeye: kila ikifunguliwa ianze na kipimo cha tatu kwa nne, na kwenye kisanduku kidogo kinachouliza kama kilichokatwa kifutwe kabisa, akatia tiki. Akauhifadhi mpangilio huo uwe wa kuanzia siku zote. Faili zikawa nyepesi, kompyuta ikaacha kujikokota.

"Ipo siku utanikata na mimi," Preben alimtania.

"Ukizidi kunenepa, ndiyo. Kwenye tatu kwa nne yangu huenei."

Wakacheka, kila mmoja akarudi kwenye kazi yake.

Jumanne moja ya Machi, Dorthe Bjerregaard aliingia studio bila kupangusa viatu. Hawakumwuliza habari, maana mji mzima ulikuwa nazo. Wiki tano zilizopita mwanawe Villads, mtoto wa miaka tisa, alitembea juu ya barafu ya ghuba, nayo ikavunjika. Mfukoni alikuwa na simu ya mama yake, aliyoichukua ili akapige picha za nyufa. Mwili wa mtoto ulipatikana. Simu haikupatikana.

Preben alileta kahawa. Dorthe hakuigusa.

"Tove, nimekuja kwa ile picha ya Karla. Ile ya kipaimara, ya Mei."

"Si nilikupa zote?"

"Ulinipa iliyokatwa. Mimi naitaka ile ambayo Villads yumo."

Tove alikumbuka vizuri. Karla, binti wa Dorthe, alikuwa amesimama nje ya kanisa na gauni lake jeupe, miaka kumi na minne, mgumu kutabasamu kama jiwe. Ghafla mdogo wake akachomoka kutoka kwa wageni, akamrukia ubavuni na kumtupia mkono begani. Karla akacheka. Tove akabofya. Ilikuwa ndiyo picha pekee ya siku ile ambayo msichana yule alicheka, ndiyo maana waliichagua. Na Dorthe mwenyewe ndiye aliyepiga kelele, "Villads, toka hapo, leo si siku yako!" Kisha akamgeukia Tove: "Huyo tumbili wangu mkate tu."

"Picha zake zote za miaka miwili hii zilikuwa kwenye simu ile," Dorthe alisema. "Siku ya kupigwa picha shuleni alikuwa na tetekuwanga. Nimeuliza kila mtu. Bibi yake anayo moja, imeonyesha mgongo. Mimi ninazo za miaka saba, bado kibogoyo. Yale meno yake makubwa ya mbele sina popote, Tove. Na nimeanza kuyasahau. Mama gani anasahau meno ya mwanawe?"

Dorthe aliinyooshea kompyuta kidole.

"Karla anasema picha ikikatwa, kilichokatwa hakipotei. Wamefundishwa shuleni. Eti unavuta tu, kinarudi. Kweli?"

"Kweli kabisa!" Preben aliropoka kutoka mlangoni, kwa huruma tu. Halafu akamtazama mkewe, uso ukamshuka.

Tove angeweza kusema faili imepotea, na nadhani wengi wetu tungesema hivyo. Hakusema. Aliifungua picha, Dorthe akazunguka meza na kusimama nyuma yake, karibu mno. Zana ya kukatia ikaizungushia picha mistari yake ya tatu kwa nne. Tove alishika ukingo wa kulia akauvuta. Pale palipotakiwa kuwa na ukuta wa kanisa na mtoto anayecheka, pakatokea miraba midogo ya kijivu na nyeupe.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni mahali patupu."

"Vuta tena."

Akavuta tena.

"Na kadi ya kamera?"

"Niliifuta jioni ile ile. Huwa nafuta. Na sihifadhi nakala mbili."

"Kwa hiyo Karla kadanganywa shuleni."

"Hakudanganywa. Programu ilikuja ikiwa inahifadhi. Mimi ndiye niliyeibadilisha. Nisamehe, Dorthe."

Dorthe hakufoka. Laiti angefoka. "Na mimi ndiye niliyekwambia umkate," alisema, akabaki ameikodolea macho skrini. Kisha akainama. "Kuza hapo. Begani."

Tove akakuza. Juu ya kitambaa cheupe, pale picha ilipoishia, kulikuwa na vidole vinne. Kucha zilikuwa na udongo, na kimoja kilifungwa plasta ya samawati.

"Plasta hiyo nilimfunga mimi," Dorthe alisema. "Asubuhi ile. Alijikata akimenya karoti." Alishika mdomo. "Picha hii iko sebuleni kwangu tangu Mei. Juu ya sofa. Sijawahi kuviona."

Akatoa simu yake mpya, akampigia bintiye.

"Karla, uko nyumbani? Nenda sebuleni. Iteremshe picha yako, uangalie begani."

Chumba kilikuwa kidogo, na sauti ya msichana ilisikika hadi kwa Preben.

"Najua, Mama. Vidole vyake."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu tulipoitundika."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"



"Ulikuwa umesema akatwe," alijibu. "Niliogopa ukiviona utamrudishia Tove picha avifute."

Dorthe akaketi kwenye kile kigoda wanachokalia wapigwa picha, akalia, simu bado ikiwa sikioni. Tove hakuthubutu kumgusa.